Saruji Nyuma ya Ukuta wa Nilo

Loris Briozzo alimwaga saruji ile siku ya Alhamisi, kwa kuwa mashindano ya baiskeli yalikuwa Jumapili. Mifuko minne. Aliipandisha mwenyewe kwa toroli kutoka barabarani, akaikoroga kwa maji ya kisima cha Bi Delfina wakati bibi huyo ameshuka mji wa pwani kumwona daktari wa macho. Kabla ya saa kumi alasiri kazi ilikuwa imekwisha: mawe ya mbele yamerudi mahali pake, vumbi limefagiliwa, na hata yeye aliposogea nyuma hatua kumi kuutazama ukuta, hakuona kitu.

Alijiambia kwamba angerudi kuirekebisha baada ya mashindano.

Kijiji cha Montesarvo kimekaa juu ya bahari kama mtu aliyeketi kwenye ngazi, na mlima wote, kuanzia msitu wa kastania kule juu hadi kanisa dogo la wavuvi kule chini, umekatwa matuta. Kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe makavu, jiwe juu ya jiwe, bila saruji wala udongo. Nyuma ya mawe makubwa yanayoonekana kuna kokoto, vikapu kwa vikapu, zilizopangwa kwa mkono, na mvua ikinyesha maji hupita humo yakatoka polepole bila kudhuru. Hakuna mtu wa Montesarvo asiyelijua hilo. Hata kuta zenyewe huitwa kwa majina ya waliozijenga, na mtu anaweza kufa miaka thelathini iliyopita lakini watu bado wakasema, “Ukifika kwa Battista, pinda kushoto.”

Kona ile ilikuwa ya Nilo Saccone, mume wa Bi Delfina.

Miaka sita kabla ya saruji, Loris na rafiki yake Katia Ferrando walianza kufyeka njia za zamani za nyumbu wa mizigo, ambazo miiba ilikuwa imezimeza na ambazo zilibaki za nguruwe mwitu na wawindaji. Loris alikuwa na ndoto, na hakuwa na haya kuisimulia. Alisema baiskeli za mlimani zitaleta watu, watu wataleta mkate, na mkate utawarudisha vijana waliokimbilia mijini. Alisema njia isiyopitwa hufa, na njia ikifa kijiji nacho hufuata. Wazee walimsikiliza wakitabasamu, lakini walimsikiliza.

Njia ilihitaji kupita katika mashamba ya watu tisa. Hakuna aliyeandika karatasi. Kule juu ruhusa ya kupita hutolewa kwa mdomo, kwa mkono na kwa glasi ya divai, na inadumu maadamu neno limedumu. Wa mwisho kuombwa walikuwa Nilo na Bi Delfina, na wao ndio waliokuwa na kona isiyoweza kukwepeka, kwa kuwa pale njia ilibidi igeukie juu ya ukuta wenyewe.

“Hao watoto wa baiskeli,” Bi Delfina aliuliza siku ile, “wanavunja shingo zao au wanavunja mizeituni yangu?”

“Shingo zao tu, Bi Delfina.”

“Ah, kumbe hakuna shida. Wapite.”

Nilo hakucheka. Alimkamata Loris mkono, akaendelea kuushika. “Magurudumu yatautikisa ukuta. Ukitikisika, unaurudisha wewe. Kwa mawe peke yake. Umenisikia?”

“Nimekusikia, mzee Nilo.”

“Sijui kama umenisikia. Unajua kujenga?”

“Sijui.”

“Basi njoo Jumatatu.”

Loris alikwenda Jumatatu ile, na Jumatatu nyingine za majira matatu ya baridi. Nilo alimfundisha kulipima jiwe kwa kiganja kabla ya kulinyanyua, akamwacha ajipige vidole bila kumpa pole. Alimkemea zaidi kwa habari ya kokoto. “Huku mbele panaonwa na watu, wewe,” alikuwa akimwambia. “Huko nyuma panaonwa na maji, na maji hayana adabu.” Kisha majira ya baridi ya nne Nilo akafa, usingizini, na njia ikapewa jina lake. Waendesha baiskeli kutoka kila mahali wakaanza kuitafuta Njia ya Nilo, wakishuka kutoka kwenye kivuli cha kastania, wakipita katikati ya mialoni na vichaka vya rosemari vinavyonukia jua, hadi bahari iwatokee usoni ghafla pale pale, kwenye kona ya ukuta wake.

Sasa, wiki ile ya mashindano, magurudumu yalikuwa yamefanya kile Nilo alichokisema. Ukuta ulitoa tumbo. Kuurekebisha sawasawa kulihitaji kufungua mita nane, kuokota kokoto na kupanga upya, kazi ya siku tano au sita. Washiriki mia mbili walikuwa wamejiandikisha. Tanuri la mkate la Montesarvo, lililozimwa tangu Loris ni mtoto, lilikuwa limewashwa tena kwa ajili ya siku ile. Basi Loris alizoa kokoto zote za nyuma akazitupa korongoni, akamimina saruji mahali pake.

“Umemaliza kona ya Nilo?” Katia alimuuliza jioni.

“Nimemaliza.”

“Leo hii? Peke yako? Umeajiri majini?”

“Majini wanadai chakula. Nimefanya mwenyewe.”

Katia alimpiga begani kwa furaha. Jumapili ilipita vizuri kupita walivyoota. Bi Delfina aliketi kwenye kiti cha jikoni juu ya ukuta wa mumewe, amefunga kitambaa cha maua kichwani, akiwatukana kwa mapenzi wote waliopunguza mwendo. “Wewe! Umekuja kupiga breki? Nyanya yako angepita haraka zaidi!”

Baada ya mashindano likaja joto, na wageni, na gari la kupandishia baiskeli likaharibika, na kila wiki Loris alisema wiki ijayo. Ukuta ulisimama wima. Kuna siku alipita pale akajikuta anaona fahari.

Mvua ilianza kunyesha Oktoba tarehe ishirini. Ilinyesha siku mbili mfululizo, ile mvua ya kutoka baharini ambayo haina matone, inamwagwa tu. Asubuhi ya tarehe ishirini na mbili, kulipopambazuka, Loris alivaa buti akakimbilia juu, kwa maana alikuwa macho tangu alfajiri, moyo ukimwambia.

Ukuta ulikuwa umezaa. Ndivyo wanavyosema kule. Maji yaliyokosa pa kupita yalikuwa yamejikusanya nyuma ya saruji hadi yakausukuma ukuta wote kwa mpigo mmoja. Ulipoanguka uliliburuta tuta la chini yake, na lile likaliburuta la tatu. Mizeituni kumi na mmoja ililala ubavu, mizizi hewani, ikiwa imejaa matunda, na nyavu za kuvunia zilizokuwa zimetandikwa tayari zilikuwa zimejisokota ndani ya tope. Hapakuwa na mtu mwingine. Mabonge ya saruji yalionekana wazi, ya kijivu, kama meno ya mnyama yaliyong’oka.

Hapo ndipo alipofanya la pili, ambalo baadaye lilimuuma kuliko la kwanza. Aliyaokota. Aliyabeba mabonge yale yote kwa mgongo, safari kumi na tatu, hadi kwenye gari la baiskeli, na watu walipoanza kufika alikuwa ameketi juu ya jiwe akitweta, tope hadi kifuani, na kila mtu akadhani alikuwa amejaribu kuokoa miti.

“Pole, mwanangu,” Bi Delfina alimwambia. “Umejichosha bure. Kilichokwenda kimekwenda.”

Armando Oddone, fundi mkuu pekee wa kuta aliyebaki bondeni, alishuka hadi kwenye lile pengo. Alikuwa amefanya kazi na Nilo miaka arobaini. Alipekua kwa fimbo, akainama, akapekua tena kwa mkono. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Vipi?” Bi Delfina aliuliza.

“Mvua kubwa, Delfina.”

“Armando. Mvua imenyesha kwa Battista vilevile, na kwa Battista pamesimama. Sema.”

Armando akavua kofia. “Hakuna kokoto. Nimetafuta. Nyuma hakukuwa na kitu, udongo mtupu. Labda Nilo alikuwa amechoka, miaka ile ya mwisho. Alibana mawe ya mbele tu.”

Loris alifungua kinywa. Watu walikuwa kumi na wawili, Katia akiwa miongoni mwao, na mvua ilikuwa imeanza tena kunyunyiza. Akakifunga.

Kufika jioni mkahawa mzima wa mbele ya kanisa ulikuwa unazungumza. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kwa huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilo! Nilo yule aliyekuwa akiwakagua wenzake, aliyewahi kubomoa ukuta wa shemeji yake mwenyewe kwa sababu kokoto zilikuwa pungufu! “Kumbe na yeye,” walisema, na kutikisa vichwa. Loris alilipa kahawa yake bila kuinywa.

Siku zikapita, kila moja ikiifanya ya pili iwe ngumu. Alikuwa akijiandaa njiani, maneno yote yakiwa yamepangika, akifika kwenye mlango wa Bi Delfina yanatawanyika. Mara nyingine alimkuta anazungumza peke yake jikoni, kwa hasira, akigonga sufuria.

Tarehe mbili Novemba ni siku ya wafu, na Montesarvo nzima hupanda makaburini kabla ya misa, kila mtu na maua yake, kila kaburi limesuguliwa. Loris alikwenda kwenye kaburi la mama yake. Katia alikuwa pale kwa babu yake. Walipokuwa wakitoka Katia akasimama.

“Mbona kwa Nilo hakuna kitu?”

Ilikuwa kweli. Katika safu ile yote, jiwe moja tu lilikuwa tupu, limegandwa na majani yaliyolowa mvua, na picha ya Nilo iliwatazama kwa uso wake ule wa kukagua.

“Bi Delfina anaumwa?” Katia akauliza.

“Sijui.”

“Hajawahi kukosa. Hata ile mara alipovunjika mguu alipandishwa kwa punda wa Armando, akimtukana punda njia nzima.” Akamtazama Loris. “Nenda umwangalie. Wewe ndiye mnapatana.”

“Nitakwenda.”

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Angekwenda wakati ule ule, mambo yangekuwa mengine. Si yote, lakini hilo moja lingekuwa jingine. Alipita mbele ya nyumba ya Bi Delfina mara mbili. Akaona moshi unatoka, akajiambia basi ni mzima, akajiambia kesho.

Kesho yake alibisha hodi. Bi Delfina alikuwa mezani akichambua zeituni chache zilizookolewa topeni, nzuri huku, zilizopondeka kule.

“Ingia. Miguu.”

Akafuta miguu. Hakuketi.

“Bi Delfina, ukuta ni mimi.”

“Ukuta gani?”

“Wa kona. Mzee Nilo aliujaza kokoto. Mimi nilizitoa kabla ya mashindano, nikazitupa korongoni. Nikaweka saruji. Ulipoanguka niliwahi kufika, nikaibeba ile saruji, ndiyo maana Armando hakukuta kitu.”

Mikono yake iliendelea kuchambua kwa muda, kana kwamba habari ilikuwa haijaifikia. Kisha ikatulia.

“Mifuko mingapi?”

“Minne.”

“Siku niliyokwenda kwa daktari wa macho.”

“Ndiyo.”

“Nikaja nikasema, jamani huyu kijana, hata kisima amekifunika.” Alisukuma bakuli pembeni. “Na ile saruji iko wapi?”

“Nyuma ya karakana yetu ya baiskeli.”

“Kumbe uliibeba. Mgongo wa kubeba saruji ulikuwa nao. Ulimi wa kusema huku Armando amevua kofia yake, huo ndio uliokuwa mzito.”

“Nisamehe, Bi Delfina.”

“Ngoja kwanza! Unakimbilia wapi?” Alisimama, akaketi tena. “Unajua nimefanya nini siku hizi kumi na mbili? Nimemsema. Hapa hapa, asubuhi na jioni. Nimemwambia, wewe mwanamume, miaka arobaini na sita umenizuia kwenda kukaa kwa dada yangu kule chini, kwa joto, karibu na duka la dawa, ati kuta zinanihitaji, ati kuta zitatuzika sisi. Kumbe zilikuwa uongo! Nimemwambia maneno ambayo siwezi kukuambia wewe. Na alivyokuwa hai yule, neno moja halipiti, ananijibu. Sasa hivi nimempiga na hawezi hata kuinua mkono.”

Loris alikuwa analia na hakujificha.

“Na jana sikwenda,” Bi Delfina alisema, kwa sauti ya chini. “Nilikata maua nikayaacha kwenye ndoo. Watu wote wamepita mbele yake wakaona mke wake hakuja.”

“Twende sasa hivi. Nitakupeleka kwa gari. Mimi nitabeba—”

“Leo ni tarehe tatu, Loris. Siku yake ilikuwa jana.”

Nje jirani alikuwa akiita kuku.

“Mimi usiniombe msamaha leo,” Bi Delfina akasema mwishowe. “Sina. Jumapili baada ya misa, mkahawani, watakuwepo wote waliomsema. Ukasimame pale ujiseme wewe mwenyewe. Kwa sauti. Armando siku hizi hasikii vizuri.”

Jumapili Loris alisimama. Alisema kila kitu, mifuko minne na safari kumi na tatu, na Armando alipouliza “Amesema nini?” akakisema tena. Hakupigwa, hakutukanwa. Wanaume waliinuka mmoja mmoja wakaenda kumshika Bi Delfina mkono, kama watu wanaotoka msibani, na Armando alikuwa wa mwisho, akamshika kwa mikono miwili, wala hakuweza kusema. Kisha mwenye shamba la kwanza, kule kwenye kastania, akamwambia Loris kwa upole kabisa, “Kwangu msipite tena.” Wa pili alituma ujumbe Jumatatu. Kufika Ijumaa walikuwa wamekwisha kukataa wote tisa. Hawakuwa wameweka karatasi. Hakukuwa na karatasi ya kuchana.

Katia hakuzungumza naye wiki nzima. Alipokuja, alimkuta anang’oa mishale ya mbao iliyoelekeza waendesha baiskeli.

“Miaka sita,” akasema. “Nina kovu kwa kila mita ya njia hii.”

“Najua.”

“Hujui. Ungeniambia Alhamisi ile ile. Ningekuja na vikapu.”

“Tusingemaliza, Katia. Siku tano. Tungelazimika kuahirisha, na watu mia mbili—”

“Kuahirisha nini, mpumbavu wewe? Tungewapitisha barabarani! Mita mia tatu za lami, wanaizunguka kona, wanaingia tena kule chini kwa kanisa. Nani angekufa?”

Loris akabaki na mshale mkononi. Katika miezi yote ile, kwa jinsi alivyotaka kila mmoja aione bahari kutoka kwenye kona ile, hilo halikuwahi kumpitia akilini. Barabara ilikuwa pale pale. Alikuwa ameegesha toroli la saruji juu yake.

Januari, ardhi ilipokauka, Armando alikusanya wazee watano na wanawake wawili waliojua kazi, wakaanza kuurudisha ukuta. Loris alifika siku ya kwanza na nyundo yake. Armando aliitazama nyundo.

“Hiyo weka chini. Wewe utabeba.”

“Sawa, mzee.”

“Kujenga hapana. Kubeba.”

Akabeba. Korongo lilikuwa refu na kokoto za Nilo zilikuwa zimetawanyika hadi mtoni, lakini zilijulikana, kwa kuwa zilikuwa zimegongwa zote zikapata ukubwa mmoja, wa ngumi ya mtoto. Alizitafuta moja moja kwenye majani, akapandisha vikapu, akamwaga pale alipoonyeshwa. Wazee walitaniana wenyewe kwa wenyewe, kana kwamba yeye hayupo. Siku moja tu mmoja wao alisema, “Nyumbu huyu halali njiani kama yule wa baba yangu,” na wengine wakacheka kidogo, na Loris aliibeba kauli hiyo hadi nyumbani.

Bi Delfina alikuja kila siku saa sita na kahawa ndani ya chupa. Alianza na Armando. Loris alipewa wa mwisho, kikombe kile kile kama wengine, na hakuambiwa neno. Mara moja alithubutu kumuuliza kama mzee Nilo amepata maua.

“Kila Jumapili,” akajibu. “Hayanitoshi.”

Mwisho wa Machi, alasiri ya upepo, wageni wawili walitokea juu ya tuta wakisukuma baiskeli, kijana na dada yake, nyuso nyekundu kwa jua la kwanza. Walikuwa wanatazama simu, wanatazama mlima.

“Samahani, kaka,” dada akasema. “Njia ya Nilo ni hapa? Tumeendesha gari kwa muda wa saa tisa kuja kuipita.”

Armando hakugeuka.

“Ilikuwa hapa,” Loris alisema. Alitua kikapu. “Imefungwa. Rudini hadi kwenye lami, mfuate barabara, itawafikisha baharini.”

“Lami!” yule kijana akasema. “Jamani. Itafunguliwa lini?”

“Sijui. Si mimi wa kusema.”

“Nani basi?”

Loris aliangalia kule alikokuwa Bi Delfina, akiokota vikombe, mgongo umewaelekea. Alikuwa amesikia. Alisimama kidogo, kikombe kimoja mkononi, kisha akaendelea kuokota.

“Waambie bahari inaonekana vilevile kutoka barabarani,” akasema bila kugeuka. “Ila wawe waangalifu na malori.”

Loris akawaambia. Wakashukuru, wakageuza baiskeli, na kwa muda sauti ya magurudumu yao ilisikika ikiteremka kwenye lami, upande wa pili wa mizeituni. Armando akagonga jiwe mara mbili kuashiria kwamba kikapu kimekwisha. Loris akashuka korongoni.